Tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada: kwa nini washindi huwa wawili

Mwaka 1993 tuzo kongwe ya vitabu nchini Kanada ilipata washindi wawili wa riwaya, kama ilivyo kawaida yake: mmoja wa Kiingereza, mwingine wa Kifaransa. Upande wa Kiingereza alishinda Carol Shields kwa The Stone Diaries. Upande wa Kifaransa alishinda Nancy Huston kwa Cantique des plaines. Shields alizaliwa Marekani, kando ya Chicago, akahamia Kanada baada ya kuolewa. Huston ni mzaliwa wa Calgary, magharibi mwa Kanada, ila tangu akiwa na umri wa miaka 20 alikuwa akiishi Paris. Asiyezijua habari za nchi ile angedhani maneno yatamwangukia yule wa Chicago. Yalimwangukia Huston. Baadhi ya wachapishaji na wahakiki wa Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, walikuja juu wakidai kwamba kitabu chake hakikustahili hata kushindanishwa.

Nitarudi kwenye ugomvi huo. Kwanza tuifungue tuzo yenyewe, maana hata wasomaji wazuri huichanganya.

Jina kamili ni Tuzo za Fasihi za Gavana Mkuu. Wenyewe huziita GG tu, na kwa bahati herufi hizo mbili hazibadiliki ukihama kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Gavana Mkuu ni mwakilishi wa mfalme nchini Kanada, mfalme yuleyule wa Uingereza. Tuzo zilianzishwa mwaka 1936 na chama cha waandishi wa nchi hiyo, wakati ofisi hiyo ikishikwa na Lord Tweedsmuir. Kabla ya kupewa cheo, bwana huyo alijulikana kwa jina la John Buchan na alisifika kwa kutunga riwaya za kijasusi na za kukimbizana, zile ambazo msomaji haziweki chini. Kwa hiyo mwanzoni jina la Gavana kwenye tuzo lilikuwa na mantiki: mkubwa wa nchi alikuwa mwandishi kweli. Waliomfuata, wengi wao, hawakuwa waandishi, jina likabaki. Gavana hachagui mshindi wala hana kura. Anachofanya ni kukabidhi tuzo, kwa kawaida katika makazi yake rasmi ya Rideau Hall, jijini Ottawa.

Kazi halisi inafanywa na Baraza la Sanaa la Kanada, lililokabidhiwa tuzo mwaka 1959. Makundi ni saba: riwaya na hadithi fupi, ushairi, tamthiliya, vitabu visivyo vya kubuni, maandishi ya watoto na vijana, vitabu vya picha vya watoto, na tafsiri. Kila kundi linarudiwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwa hiyo kila mwaka hutoka tuzo 14. Katika kila kundi vitabu vitano huingia fainali, jumla vitabu 70. Tangu mwaka 2007 mshindi hupata dola 25,000 za Kanada, na wanne wanaobaki hupata dola 1,000 kila mmoja. Mchapishaji wa kitabu kilichoshinda hupewa dola 3,000 za kukitangaza. Ukipiga hesabu yote unafika karibu dola 450,000 kwa mwaka. Mchapishaji hapa si wa pembeni hata kidogo, kwani ndiye anayekiingiza kitabu kwenye mashindano.

Sasa lile linalowachanganya wengi. Kitabu cha Kiingereza hakishindanishwi kamwe na cha Kifaransa. Kila kundi, katika kila lugha, lina waamuzi wake, ambao nao ni watu wa kazi hiyohiyo: waandishi, washairi, wafasiri, wachoraji. Waamuzi wa riwaya za Kiingereza hawasomi za Kifaransa, na wale wa Kifaransa hawajui wenzao wamefikia wapi. Ni ligi mbili zenye kombe la jina moja, na bingwa wa huku hakutani na bingwa wa kule. Swali la nani "mwandishi bora wa Kanada mwaka huu" halina jibu, na halikuwekwa ili lijibiwe.

Masharti ya kuingia hayana mafumbo. Mwandishi awe raia wa Kanada au mwenye ukazi wa kudumu, na halazimiki kuishi nchini. Ndiyo maana Huston aliweza kuketi Paris na kushindania tuzo ya Ottawa. Kwenye kundi la tafsiri sharti linakaza zaidi, kwani mfasiri awe wa Kanada na aliyeandika kitabu cha asili naye awe wa Kanada. Mkanada akiifasiri riwaya ya Mjerumani vizuri namna gani, hapati kitu hapa.

Mwanzoni hapakuwa na ligi mbili. Ilikuwa moja tu, ya Kiingereza. Kuanzia 1936 hadi 1959, katika nchi ambayo zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na Kifaransa kama lugha yake, kitabu cha Kifaransa kilikuwa na njia moja ya kuingia, nayo ni kutafsiriwa kwanza. Ringuet, lililokuwa jina la kalamu la daktari Philippe Panneton, alichapisha Trente arpents mwaka 1938, riwaya ya mkulima wa Quebec na shamba linalomponyoka. Tuzo ikamjia kwa kitabu cha mwaka 1940, na kilichotuzwa kilikuwa Thirty Acres. Germaine Guèvremont naye aliingia kwa mlango huohuo mwaka 1950.

Ila kisa cha Gabrielle Roy ndicho kinachosema mengi. Riwaya yake Bonheur d'occasion, iliyotoka Montreal mwaka 1945, inasimulia maisha ya familia maskini ya mtaa wa Saint-Henri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilitafsiriwa na Mmarekani, Hannah Josephson, ikachapishwa New York mwaka 1947 kwa jina la The Tin Flute. Mwaka huohuo kitabu cha Kifaransa kilipata tuzo ya Femina huko Ufaransa, na tafsiri ya Kiingereza ikapata GG huko Kanada. Humo ndani mlikuwa na bomu, na sisemi kwa mafumbo. Wakazi wa Quebec hulitumia neno poudrerie kwa theluji inayotimuliwa na upepo mkali. Kwa Mfaransa wa Ufaransa, neno hilohilo ni kiwanda cha baruti. Roy aliandika kwamba poudrerie ililipuka, yaani tufani ya theluji ilianza ghafla. Kwenye Kiingereza cha Josephson, kiwanda cha baruti kikalipuka, katikati ya kitabu, bila sababu, na hakuna mhusika anayeshtuka. Tuzo ya taifa ikatolewa na mlipuko ukiwa humo humo. Tafsiri nyingine, iliyofanywa na Alan Brown, ilipatikana mwaka 1980.

Sina haja ya kumcheka Josephson, aliyefanya kazi ngumu akiwa mbali na theluji ya Montreal. Ninachokiona ni kwamba kwa miaka ishirini na ushei taifa lilikuwa likiwapima waandishi wake wa Kifaransa kwa maneno ya mtu mwingine.

Baraza la Sanaa liliposhika usukani mwaka 1959 likaweka makundi ya Kifaransa yanayojitegemea, na mshindi wa kwanza wa riwaya alikuwa André Giroux. Hapo mtu angetarajia Quebec ishukuru. Lakini miaka ya 1960 huko Quebec haikuwa miaka ya kushukuru. Watu walikuwa wakiliondoa kanisa kwenye shule na hospitali, wakidai Kifaransa kitumike makazini na viwandani, na wengine wakidai jimbo lijitenge liwe nchi. Chama cha Parti Québécois, kilichobeba dai hilo la kujitenga, kilizaliwa mwaka 1968. Kwa mtu wa msimamo huo, bahasha yenye muhuri wa mwakilishi wa malkia wa Uingereza wa wakati huo ilikuwa bahasha nzito kuipokea.

Hubert Aquin aliikataa. Alikuwa ametajwa mshindi wa mwaka 1968 kwa riwaya yake Trou de mémoire, na alikuwa mpigania uhuru wa Quebec aliyewahi kukamatwa kwa ajili ya siasa zake. Ila msidhani alichukia tuzo kama tuzo. Mwaka 1972 alipokea ile ya David, inayotolewa na serikali ya Quebec yenyewe. Aliyekuwa akimkataa ni mtoaji.

Mwaka uleule wa tuzo, upande wa Kiingereza, Leonard Cohen naye aliikataa, kwa diwani yake ya mashairi teule. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya kishairi: sehemu kubwa ya nafsi yake inaitamani heshima hiyo, lakini mashairi yenyewe yanaikataza kabisa. Wapo wanaowaweka Aquin na Cohen katika sentensi moja kana kwamba walifanya jambo lilelile. Mimi sioni hivyo. Cohen, Myahudi wa Montreal aliyeandika kwa Kiingereza, alikuwa akiongea na mashairi yake. Aquin alikuwa akiongea na dola. Baadaye Cohen alipokea heshima nyingine za kitaifa, ikiwemo tuzo ya Gavana Mkuu ya sanaa za jukwaani mwaka 1993, na wala hakuna aliyemwona amejipinga.

Kisha ukaja Oktoba 1970. Kundi la FLQ, lililotaka kuitenga Quebec kwa nguvu ya silaha, lilimteka mwanadiplomasia wa Uingereza, James Cross, na waziri wa Quebec, Pierre Laporte, ambaye aliuawa. Serikali kuu ilitangaza Sheria ya Hatua za Kivita na watu karibu 500 wakakamatwa, wengi bila kufunguliwa mashtaka. Miongoni mwao alikuwemo mshairi Gaston Miron. Fernand Ouellette, aliyetajwa mshindi kwa kitabu cha insha cha mwaka huo, akasema haichukui. Roland Giguère akafanya vivyo hivyo kwa tuzo ya 1973, na Michel Garneau kwa ya 1977. Halafu siasa zikapoa na watu wakapoa nazo. Ouellette huyohuyo alishinda tena mwaka 1985 kwa riwaya, na mwaka 1987 kwa ushairi. Safari hizo alipokea.

Mwaka 1987 ndio pia tafsiri na vitabu vya watoto, ambavyo Baraza lilikuwa likivituza kando, vilipoingizwa rasmi kwenye GG. Hapo, bila mtu kukusudia, ukategwa mtego ambao Nancy Huston angeukanyaga miaka sita baadaye.

Huston alikulia kwenye Kiingereza. Paris alisoma chini ya Roland Barthes, mhakiki mashuhuri wa Kifaransa, na akajijenga kuwa mwandishi wa Kifaransa, lugha aliyojifunza ukubwani. Alipotaka kuandika juu ya nyanda za Alberta, nchi ya utoto wake, Kifaransa hakikumkubalia, akaandika kwa Kiingereza: Plainsong. Wachapishaji wa Kiingereza wakasita. Akakaa tena mezani, akaiandika upya kwa Kifaransa, na katika kuandika upya akagundua udhaifu uliomrudisha kwenye Kiingereza kufanya marekebisho. Vitabu vyote viwili vikatoka mwaka 1993. Kile cha Kifaransa kikapata tuzo ya riwaya.

Waliopinga walikuwa na hoja iliyonyooka. Ikiwa Kiingereza kilitangulia, Kifaransa ni tafsiri, na tafsiri ina kundi lake. Huston alijibu kwamba mwandishi anayejiandika upya hatafsiri, bali anatunga mara ya pili. Tuzo haikunyang'anywa. Mimi naegemea upande wake: anayetafsiri hana ruhusa ya kurudi kumsahihisha mwenye kitabu, na Huston alikuwa na ruhusa hiyo kwa sababu mwenye kitabu ni yeye.

Lakini chini ya hoja ya tafsiri palikuwa na jingine lisilosemwa kwa sauti kubwa. Ligi ya Kifaransa kwenye karatasi ni ya Kanada yote. Kwa hisia za watu, ni ya Quebec. Na sasa tuzo ilikuwa imekwenda kwa mwanamke wa Alberta, mwenye lugha mama ya Kiingereza, anayeishi Paris, mji ambao kwa muda mrefu waandishi wa Quebec waliuona ukiwatazama kwa juu. Kila kipengele cha wasifu wake kiligusa kidonda.

Na Carol Shields wa Chicago? Kimya. Tena The Stone Diaries ilikuja kupata Pulitzer ya Marekani mwaka 1995, na inabaki kuwa riwaya pekee yenye GG na Pulitzer kwa pamoja, jambo lililowezekana kwa sababu Shields alikuwa raia wa nchi zote mbili. Upande wa Kiingereza ulifurahia. Lugha inayosemwa na bara zima haina hofu ya kumkaribisha mgeni. Lugha ya watu milioni chache waliozungukwa na bara hilo humsimamisha mlangoni kila anayeingia, ikimuuliza ametoka wapi. Masharti ya GG yanazitendea lugha hizi mbili sawasawa hadi senti ya mwisho, ilhali zenyewe hazijasimama kwenye ardhi sawa. Karibu kila mzozo wa tuzo hii niliowahi kuusoma unatokea kwenye pengo hilo.

Tazama mwaka 2004. Tuzo ya vitabu visivyo vya kubuni, kwa Kiingereza, ilikwenda kwa Roméo Dallaire, jenerali aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Dallaire amekulia Montreal na ni mtu wa Kifaransa. Kitabu chake, Shake Hands with the Devil, alikiandika kwa Kiingereza, kwa msaada wa Brent Beardsley, meja aliyekuwa naye Kigali, kisha kikafasiriwa kwa Kifaransa. Yaani Mfaransa wa Quebec aliyeshinda kwa Kiingereza. Hakuna mchapishaji wa Toronto aliyelalamika kwamba wameibiwa.

Mwaka 2009 kundi hilohilo lilimpa M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam na kufika Kanada mwaka 1978. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki huteleza, kwa hiyo tukae kidogo. The Book of Secrets, riwaya ya shajara ya afisa wa kikoloni wa Kiingereza inayokuja kupatikana Dar es Salaam, haikupata GG. Ilipata Giller, mwaka 1994, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, na Vassanji akaipata Giller tena mwaka 2003 kwa riwaya yake The In-Between World of Vikram Lall, inayohusu Kenya. GG yake ni ya A Place Within, kitabu cha safari zake India. Giller ni tuzo binafsi. Jack Rabinovitch aliianzisha kwa kumbukumbu ya mkewe, Doris Giller, mwandishi wa habari za vitabu. Inatuza riwaya na hadithi fupi za Kiingereza tu, na kitabu kilichofasiriwa kutoka Kifaransa kinaruhusiwa kuingia. Humpa mshindi fedha nyingi kuliko GG na ina kelele nyingi zaidi za televisheni. Lakini mshairi, mwandishi wa tamthiliya na mchoraji wa vitabu vya watoto hawana lao huko.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo huonekana ukisoma orodha mbili sambamba. Kundi ambalo kwa Kiingereza limeitwa kwa kukanusha tu, vitabu visivyo vya kubuni, kwa Kifaransa huitwa essais. Upande mmoja unachota kumbukumbu za jenerali, safari, wasifu na historia. Upande wa pili unaelemea kwenye fikra na hoja. Msomaji anayefasiri jina la kundi kwa wepesi ataona ajabu kwamba majirani wawili wanatuza vitu visivyofanana.

Kwa maoni yangu kundi linalostahili kusomwa zaidi ni lile ambalo magazeti hulipa mstari mmoja: tafsiri. Ndilo pekee ambalo lugha hizi mbili zinalazimika kukutana. Hugh MacLennan, aliyeshinda GG mara tano, alichapisha Two Solitudes mwaka 1945, na jina la riwaya hiyo likageuka msemo wa kila siku Kanada kwa Waingereza na Wafaransa wanaoishi jirani bila kujuana. Kitabu hicho kilisubiri hadi mwaka 1963 kupata tafsiri ya Kifaransa, na hata hapo ilitoka Paris. Tangu hapo hali imebadilika sana, kwa kiasi kikubwa kwa kazi ya watu wachache. Sheila Fischman amefasiri riwaya zaidi ya 150 za Quebec kwenda Kiingereza, na GG yake ni moja, ya mwaka 1998. Kwenda upande wa pili, Lori Saint-Martin na mumewe Paul Gagné walishinda mara nne: 2000, 2007, 2015 na 2018. Saint-Martin, aliyefariki mwaka 2022, alizaliwa Ontario kwenye nyumba ya Kiingereza, akajifunza Kifaransa shuleni na kukihamia kabisa. Ile safari ambayo Huston alisemwa kwayo, Saint-Martin aliifanya pia, na Quebec ikampokea. Yeye aliishi Montreal.

Makundi yote 14 ni ya Kiingereza na Kifaransa, lakini lugha za wenyeji wa Kanada ni zaidi ya 70. Waandishi wa jamii hizo hushinda, ila kwa lugha hizo mbili: Katherena Vermette kwa ushairi mwaka 2013, Michelle Good kwa riwaya ya Five Little Indians, mshindi wa 2020, wote kwa Kiingereza. Julai 2021 Mary Simon, Mwinuiti wa kaskazini mwa Quebec, aliapishwa kuwa Gavana Mkuu, wa kwanza kutoka jamii za wenyeji. Alikuwa anazungumza Kiinuktitut na Kiingereza, na hakuwa ameimudu lugha ya Kifaransa. Kamishna wa Lugha Rasmi alipokea malalamiko zaidi ya 1,000. Simon alieleza kwamba shule ya serikali aliyosoma utotoni haikuwafundisha watoto wa huko Kifaransa, na akaahidi kujifunza.